Kiondo Ulichokiacha Mdomo Wazi

Nyanya yangu,

Unakumbuka ulivyokuwa ukisuka huku unatembea, tukishuka kutoka kwetu Mghange, milimani, kwenda sokoni, ukungu ukiwa bado haujainuka? Mimi nilikuwa nyuma nimebeba nyuzi za mkonge. Nikikuomba unifundishe ulicheka: "Wewe unaogopa hata kuku. Shika kalamu."

Nimeishika. Mimi ni karani kwenye makumbusho madogo hapa Voi. Ulipofariki nilileta kiondo chako cha mwisho, na nyuzi zilizobaki ndani yake, nikakiandika kwenye rejista kwa mkono wangu: kiondo ambacho hakijakamilika.

Mwezi uliopita mkubwa wangu alisema watu wanapita hapa kama wamo benki, kimya, mikono nyuma. Alitaka siku ya kuwashirikisha. Nichague kitu kimoja, watu wakiguse. Niliogopa kuchagua cha watu wengine, nikachagua chako. Nilidhani wewe hutanishtaki.

Asubuhi nzima hakuna aliyekigusa. Kisha akaingia msukaji mmoja, Mama Wakesho, na wenzake wawili kutoka milima ya kwetu.

"Msukaji yuko wapi?"

"Alifariki, mama. Ni nyanya yangu."

"Na mmemwacha hivi, mdomo wazi?" Aliniangalia kana kwamba nimekulaza nje bila shuka. "Kazi ya marehemu humalizwa na wenzake. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa, Nyanya. Au niliambiwa nikasahau shuleni.

Nikaitwa mlangoni kuandikisha wageni. Niliporudi walikuwa wameketi sakafuni wakimalizia kiondo chako kwa zile nyuzi zilizobaki, na watu wamewazunguka. Watoto wa shule walisokota nyuzi kwenye mapaja. Baba mmoja mfanyakazi wa reli, mtu wa magharibi mwa Kenya, naye alijaribu, Mama Wakesho akimtania.

"We wa treni, hiyo ni ya kufungia mbuzi?"

"Mama, kwetu nasuka mitego ya samaki. Nipe nafasi!"

"Samaki wako atatoroka hapo!"

Walicheka, nami nikacheka. Ningeweza kusema, "Tafadhali, acheni." Sikusema. Mpaka leo sijui kama ni woga ulionifunga mdomo, au furaha. Mama Wakesho alikata uzi wa mwisho kwa meno, akanikabidhi: "Sasa anaweza kupumzika."

Mkubwa hakupumzika. Kitu kilichoandikwa rejistani hakibadilishwi, alisema. Nikifumue kirudi kilivyokuwa, kabla ya Jumatatu, la sivyo kandarasi yangu haitaongezwa. Nilimkumbusha kwamba yeye ndiye aliyetaka watu washiriki. Akasema kushiriki si kumaliza. Huenda ana haki. Nami nilikuwa nikija mapema kuangalia pale mkono wako ulipokomea; palikuwa mahali petu. Wale akina mama wamekuondolea aibu, wakaniondolea mahali hapo. Niwashukuru au niwalaumu?

Leo nimekaa na mkasi. Nimegeuza kiondo nje ndani nikitafuta mstari wako wa mwisho. Nyuzi ni zako zote, na mkono wao umefuata wako. Nikikata, huenda nikakukata wewe.

Nimemwandikia mkubwa sentensi moja: sijui anapoishia nyanya yangu, kwa hiyo sitafumua. Nimeweka sahihi. Barua iko mezani kwake.

Lala salama, Nyanya. Mimi nangoja Jumatatu.

Mjukuu wako mwoga