Punda Ana Chini Pia

Mjukuu wangu Ekai,

Ejok, hujambo! Kutoka Lodwar mpaka Kakuma hakuna mwanamume anayefunga fundo kama langu. Hata shetani angeomba kisu. Bibi yako anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha. Mbuzi wamezaa.

Umeuliza kwa nini dunia ina mbele, kando na juu tu, isiwe na pande mbili au nne. Jirani yangu, mwalimu kutoka Sudan Kusini, anasema hakuna ajuaye kwa hakika. Lakini alinionyesha kwa kamba: dunia ikiwa bapa kama karatasi, kamba haiwezi kupita juu yake yenyewe, basi hakuna fundo. Ukiongeza upande wa nne, kamba inapata pa kuchoropokea, na kila fundo linafunguka. Ni kwenye pande tatu tu fundo linakaa.

Nilicheka, maana mimi nilifundishwa na punda. Kwetu wanawake ndio hufunga mizigo tukihama. Siku moja, nikimtaka bibi yako, nikamnyang'anya kamba.

"Haya, tuone kama mkono utafika mdomo ulipofika," akasema.

Nikafunga juu, nikafunga kando. Punda akaruka korongo, mzigo wote ukazunguka ukaning'inia tumboni. Fundo halikulegea hata kidogo!

"Fundo zuri," bibi yako akacheka, "lakini punda ana chini pia, wewe!"

Alinikubali hivyo hivyo, na hadi leo anakisimulia kisa hicho kwa wageni. Sehemu moja tu huiruka. Ndani ya mzigo kulikuwa na kibuyu cha maziwa alichoachiwa na marehemu mama yake, nacho kilipasuka.

Babu