Mama Shamim, Yule Profesa Alijibu

Mama Shamim,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukiniuliza kila asubuhi, kabla hata sijavua koti, "Mpare, umelala?" nami nakudanganya kwamba nimelala fofofo. Leo sidanganyi. Tangu arobaini yako ipite usingizi umenikimbia, na sababu ni wewe na wale wawili wako, yule mke wa mchungaji na yule profesa wa Skotlandi, ambao hata mifupa yao imeshasahau ugomvi.

Habari za huku maktabani kwanza. Meza yako amepewa dada mmoja wa kompyuta, ameweka skrini mbili na ua la plastiki. Kiti chako nilikiwahi kabla hakijatupwa, kiko kwangu. Birika lako limepigwa marufuku, wamebandika tangazo kwamba vitu vya umeme haviruhusiwi karibu na nyaraka. Nadhani miaka yote ile walikuwa wanakuogopa tu. Theluji imeanza mapema. Basi la Bathurst linachelewa kama ulivyoliacha, na kwetu Lawrence Heights wamebomoa jengo jingine, kwa hiyo nazunguka mbali kufika kituoni. Nafika kazini viatu vimejaa chumvi ya barabarani ya kuyeyushia theluji, nakaa, na hakuna wa kuniita kijana. Mwanaume wa makamo, binti yangu karibu anamaliza sekondari, lakini kwako nilikuwa kijana. Sikujua kwamba neno lile lilikuwa linanibeba hivyo.

Arobaini yako ilijaa. Kule Vaughan, kwenye kituo cha jumuiya yenu, binti yako Farida alinikalisha na wanaume wa familia yenu, na wazee wa Tanga wakaniuliza kama mimi ndiye yule Mpare aliyekuwa akibishana na marehemu. Nikakubali. Mmoja akasema kumbe ni kweli, sisi Wapare tuko radhi kuuza ng'ombe tushinde kesi ya kuku. Tulicheka, mama, kwenye msiba wako, halafu nikaisogeza kando sahani ya biriani. Baadaye Farida akasimama, akatangaza kwamba kitabu chako cha barua za yule mke wa mchungaji kiko njiani na siku ya kukizindua yeye mwenyewe atasoma utangulizi wako palepale ukumbini. Watu wakatoa salawati. Mimi nilikuwa naangalia sahani.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponiwekea mbele barua ya yule mama, mke wa mchungaji? Nilikuwa nimetoka kupanga mizigo ghalani usiku kucha, na cheti changu cha misitu kutoka nyumbani kiko kwenye begi hakina kazi. Wewe ukanipa karatasi iliyoandikwa mpaka pembezoni, kisha ikageuzwa ubavu na kuandikwa tena juu ya maandishi yaleyale, mistari inakatana kama chandarua. Nikasema hii haisomeki. Ukasema, "Chagua njia moja, nyingine ifumbie macho." Hivyo ndivyo ulivyonifundisha. Ukanieleza kwamba posta ya enzi zile ilitoza kwa kila karatasi, na aliyelipa ni yule aliyepokea, basi watu walibana maneno yote kwenye karatasi moja kwa kumhurumia mwenzao. Na kule msituni kaskazini ya mji huu, ulipokuwa bado kijiji cha matope, karatasi yenyewe ilikuwa adimu kuliko chumvi.

Yule mama alikuwa akichuma kuvumwani, lile zulia la kijani linaloota juu ya mawe na magogo yenye unyevu, anakausha, anampelekea profesa Skotlandi ampe majina yake. Kila barua aliyotuma alijiwekea nakala, na nakala hizo ndizo zilizotufikia sisi maktabani. Za kwake zote tulizo nazo. Za profesa, hata moja. Na katika nakala zake, hasa za majira ya baridi, neno ni lilelile, kwamba bado hajapata jibu, kwamba labda amemchosha, kwamba atamwandikia mara moja tu tena. Skotlandi walituandikia kwamba na wao hawana kitu. Ukaamua kesi. Profesa alipokea kwa mikono miwili, akajipatia jina, na mwanamke wa watu hakumjibu.

Ulimchukia yule mzee kana kwamba anakaa ghorofa ya juu yako. Ulimwita mwizi. Nilikuwa nakutania kwamba unahitaji kumfungulia mashtaka, nikakwambia Mpare nipo. Lakini nilijua hasira ile ilitoka wapi, maana ulinisimulia mara moja, tukila vitumbua vyako vya jana. Mwalimu wa baiolojia wa Tanga, umefika hapa na vyeti vyako kwenye bahasha ya plastiki, unaandika maombi ya kazi mpaka vidole vinauma, na hakuna aliyerudisha hata salamu. Ukasimama dukani kwa binamu yako ukiuza kadi za simu miaka na miaka kabla maktaba haijakuchukua. "Bora mtu aniambie hapana," ulisema. "Hapana naweza kuila. Kimya hakiliki."

Sasa sikiliza. Baada ya arobaini, mhariri aliuliza jina sahihi la kuvumwani mmoja aliyetajwa kwenye tanbihi. Nikaenda kuutafuta kwenye hifadhi ya mimea mikavu, kule ulikokwenda siku moja tu, pumu ikakubana kwa harufu ya zile dawa zao, ukarudi unasema wabaki na majani yao. Kumbe mzigo wa yule mama uligawanywa zamani, kabla hata mimi na wewe hatujazaliwa. Sanduku la karatasi lilikuja kwetu, sanduku la mimea likaenda kwao.

Wakaniletea boksi. Kuvumwani haubandikwi kama majani mengine, unawekwa ndani ya kipande cha karatasi kilichokunjwa kama kijibahasha, na jina linaandikwa juu. Nikafungua kile nilichokihitaji. Ndani ya mkunjo, chini ya vumbi la kijani, kulikuwa na maandishi ya wino, na alama nyekundu ya nta ya muhuri. "Bibi mpendwa," imeanza. Nikafungua cha pili. Nikafungua cha tatu, mama, nikakaa chini sakafuni, nikaendelea kufungua.

Ni yeye, profesa. Majibu yake yote yule mama alikunjia mimea. Watu wa mimea wanavijua vile vijibahasha miaka yote, wamevipiga picha hata, lakini kwa nje, kwenye jina la mmea. Kwao karatasi ni ganda tu. Na sisi watu wa karatasi tulitafuta karatasi kwenye karatasi. Nawe uliwahi kuniambia kwamba Tanga mlikuwa mnakaushia majani ndani ya mitihani ya zamani! Nilikumbuka hilo nikiwa palepale sakafuni, nikataka kukupigia simu. Nilishatoa hata simu mfukoni.

Nimezisoma zote, njia moja kwanza, halafu nyingine. Profesa anamwomba radhi kwamba anabana maandishi hivyo kwa sababu anajua nani atalipia. Anamwita "mwenzangu". Mahali pamoja anakiri kwamba alimbishia kuhusu kuvumwani fulani na kwamba yule mama ndiye aliyekuwa sahihi. Anauliza kama mtoto amepona homa. Nimezilinganisha na nakala zetu, na inaonekana kwamba mto ulipoganda meli hazikupanda, basi mama wa watu alilalamikia kimya hicho msimu mzima wa baridi, na barafu ilipoyeyuka majibu yakamfikia kwa pamoja.

Najua ungesema nini. Ungesema, kama zilikuwa na maana, mbona yule mama alizikata akafungia majani? Nami ningekujibu. Labda hakuwa na karatasi nyingine. Labda aliona hiyo ndiyo thamani ya barua hizo. Hilo ningependa sana tubishane.

Lakini hatubishani. Umelala pale makaburini na mimi nimebaki na sentensi yako, ile inayofunga utangulizi, kwamba hakujibiwa hata neno moja. Na nimebaki na ile siku ya hospitali. Ulikuwa umeshaondoa ile barakoa ya oksijeni kwa mkono wako mwenyewe, nesi anakugombeza, ukanishika kidole. "Utangulizi wangu usiguswe, Elibariki. Hata nukta." Nikasema sawa, mama. Ningesema nini?

Nimezunguka na jambo hili kama mgonjwa. Hakuna mwingine aliyejua. Ningeweza kukunja vile vijibahasha, kurudisha boksi, kitabu kitoke, Farida asome, watu watoe salawati tena. Nilichoka kiasi kwamba hilo lilionekana ni haki yangu. Halafu nikawaza niuache utangulizi kama ulivyo, niweke maelezo nyuma kabisa ya kitabu, kwenye zile kurasa ambazo hazisomwi na mtu. Nilimwambia binti yangu Upendo tukiosha vyombo, nikiwa na hoja zangu zote. Akanisikiliza. "Baba, but he did answer her," akasema, yaani alimjibu kweli, akaendelea kusuuza sufuria. Nilimkasirikia usiku mzima.

Maana kwa nini ulimchukia? Kwa sababu aliyekuwa na neno la kusema alinyamaza. Sasa mwenye neno ni mimi.

Jumapili nilipanda basi hadi Vaughan kwa Farida. Sikutaka alijue jambo hili kwa kulisoma kitabuni. Alinitilia chai, nikamweleza yote, nikamwonyesha picha za barua kwenye simu yangu. Hakuzitazama sana. Akasema, "Mama alikuamini wewe, Uncle." Basi. Nilikunywa chai ile mpaka mwisho. Tangu siku hiyo nimemwandikia, hajanijibu, na sijui kama atakuja ukumbini, wala kama kutakuwa na ukumbi.

Jana nilimpelekea mhariri. Utangulizi ni wako, jina ni lako, na hasira yako nimeiacha yote kwa sababu yule mama aliilipia kwa baridi ya kweli. Lakini sentensi ya mwisho nimeifuta. Nimeandika kwamba alijibiwa, ila majibu yalifika subira ilipokwisha. Palepale, si nyuma ya kitabu, nimeeleza kwamba maneno hayo ni yangu, kwamba niliyaandika baada ya wewe kuondoka, na kwamba ulinikataza. Nikatia jina langu. Nikakaa kwenye kiti chako nikalia, na yule dada wa kompyuta akaniletea karatasi za kufutia pua bila kuuliza kitu. Si mtu mbaya, kumbe.

Siwezi kukuomba radhi, kwa sababu nikiambiwa nirudie nitarudia. Ninachoweza ni kukwambia kwamba umeniumiza, mama. Ulinifundisha kazi hii kwa miaka, ukanisahihisha kwa kalamu nyekundu mbele ya wageni nilipokosea herufi moja, halafu mwishoni ukaninyima ruhusa ya kukufanyia hivyohivyo. Nakupenda, na umeniumiza. Yote mawili ni kweli, na sijui lipi nilifumbie macho.

Ulale mahali pema, mwalimu wangu. Ukikutana na yule mzee huko, mpe nafasi ajieleze, halafu umgombeze kuhusu mambo mengine, hayakosekani. Mimi nilikuahidi jambo moja nikashindwa kulitimiza, basi chukua hili badala yake. Siku yangu ikifika, na mtu amekaa kando ya kitanda changu na karatasi zangu mapajani, sitamshika kidole. Sitamwapisha. Nitamwambia aguse.

Mpare wako,
Elibariki