Damu Walichukua, Vipele Wakaviogopa

Mwanangu wa maabara,

Baba yako mzima, bibi yako anakohoa kidogo tu, shangazi anakusalimu, na yule kuku wako wa madoadoa anaatamia. Mdogo wako ndiye hajambo nusu.

Alitokwa na vipele. Muuguzi akasimama mlangoni, akasema huenda ni homa ya nyani, akamtenganisha na kichanga chake. Alimtoa damu mkononi, vipele hakuvigusa. Jana majibu yakarudi: damu haionyeshi kitu, maabara wanataka majimaji ya vipele au magamba yake. Nikamuuliza muuguzi, "Binti, kijiti cha pamba unacho, uliogopa nini?"

"Mama, na mimi nina watoto."

Na huyu wangu anayekamua maziwa na kuyamwaga, yeye kazaa jiwe?

Sasa vipele vimekauka. Magamba yaliyodondoka nimeyaokota kwa kijiko, nikayafungia kwenye kichupa safi. Muuguzi hataki hata kukitazama. Wewe ndiye unayevipima vitu hivi, niambie kama yatafaa. Dereva aliyekuletea barua hii anageuza leo leo. Mpe jibu lako, asirudi mikono mitupu, maana mjukuu wangu ameishiwa sauti kwa kulia.

Mama yako