Pasta na ile mashine ya tisheti

Umwiza we! Gasore bamemuvunja mbavu na MAOMBI!

Alikuwa ameinama kati ya mikono ya chuma ya ile mashine mpya ya kuchapa tisheti, hapa Mbarara, anakaza bolti ikae sawa na pima maji. Batu betu ba kambi ya wakimbizi ya Nakivale bakasema, "Tuiombee kwanza." Umeme habakuzima! Bakaiwekea mikono, macho bamefunga.

Kiganja cha Pasta Grégoire, huyu wa kumufungisha Gasore ndoa Jumamosi, kikakandamiza kitufe cha kuwasha.

Mashine ikazunguka, ikamuburuta. Gasore akalia, "Yesu! Yesu!"

Bale bakafikiri ni Roho. Bakaongeza sauti, Umwiza. BAKAONGEZA SAUTI!

Benitha, naye alikuwa kati ya bale ba kuomba, ndiye alifungua macho, akachomoa waya.

Gasore akaamka na spana, damu tupu. Pasta bado amefunga macho, anavuta pumzi aseme amina.

Amina haikutoka. Meno ndiyo yalitoka.