Kahawa Niliyoigomea Vienna

Mdogo wangu Zuwena,

Nakusalimu kutoka Vienna, baridi imenifika mpaka kwenye kucha. Shemegi yako kanileta kwenye mkahawa wa kale anaousifia tangu Maskati. Kahawa haina iliki, tende hawakuletei, na mhudumu kavaa koti jeusi kama anakwenda kuzika. Watu wazima wamejificha nyuma ya magazeti, hakuna anayemsalimu mwenziwe. Huu ndio ustaarabu tuliopandia ndege.

Nikakisogeza kikombe mbele, nisikiguse. Akaniuliza nna nini.

"Nna haja," nikamwambia. "Ukinikubalia, nitakunywa."

Ndivyo alivyofanya yeye kwa Baba alipokuja kuniposa, hakugusa finjani mpaka akapewa jibu.

"Haja gani?"

"Mama yuko peke yake nyumbani kwake Amerat. Ahamie kwetu, kwenye kile chumba cha wageni."

Hao wageni wenyewe tangu tujenge sijawaona.

"Tutazungumza nyumbani," akasema. Nikakisukuma kikombe mbele zaidi. Mhudumu akaja kuuliza kahawa ina kasoro gani, akenda, akarudi na mkubwa wake. Magazeti yote yakashuka. Na mume wangu unamjua, nyumbani atagomba kutwa, mbele ya watu hata kukohoa anaona haya.

"Haya, aje. Kunywa sasa."

Nikainywa yote, imepoa na chungu kama shubiri.

Nibusie watoto. Na Mama mfungie mizigo leo hivi, ahamie kabla shemegi yako hajarudi akaonja kahawa yenye iliki, akaligeuza neno lake.

Dadako akupendaye,
Salma