Kifuniko cha Kasha la Nishani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Anajulikana kama Daktari wa Makasha
Umri: Miaka 51
Jinsia: Mke
Kazi: Kukarabati makasha, fremu na majalada ya zamani
Makazi: Nyuma ya duka lake, mtaa wa mafundi saa

Ninaitwa Daktari ingawa sijawahi kumchoma mtu sindano. Wagonjwa wangu ni makasha. Ninaeleza haya kwa hiari yangu.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, majira ya saa nne asubuhi, mpelelezi alifika dukani kwangu akaniomba nije kituoni nitazame kasha la nishani ya kijeshi. Njiani alinieleza kisa chenyewe. Nishani ilikuwa ya babu wa ndugu wawili, dada ambaye ni muuguzi na mdogo wake wa kiume ambaye ni fundi bomba. Mama yao alipofariki mwaka jana, mdogo mtu ndiye aliyebaki na vitu vya nyumbani.

Juzi dada aliichukua kwake nishani, ikiwa ndani ya kasha lake, akaipeleka makumbusho. Mthamini wa pale akasema nishani ni halisi, ila kasha linamtia shaka, kwani kitako kimechakaa lakini maandishi ya juu ya kifuniko yanang'aa kama yamechapwa jana. Akasema makasha ya nishani ile yamebaki machache mno duniani, na huenda lile la asili limeuzwa, hili likaungwaungwa. Dada hakupita hata nyumbani. Alikuja kituoni moja kwa moja, na jioni ile mdogo wake akawekwa mahabusu. Alipohojiwa alisema kifuniko alikikuta kwenye droo ya cherehani ya mama, kitupu, akakirudishia kitako chake. Dada alisema hizo ni ngonjera.

Katika chumba cha upelelezi nilimkuta mthamini, na dada akiwa ameketi pembeni, mkoba mapajani. Nilimwamkia, akaitika bila kuniangalia. Kusema kweli nilitamani angeitwa mtu mwingine. Kasha likionekana la kuungwa, kijana wa watu angefungwa kwa mdomo wangu.

Nilianza na kadibodi. Kwenye kingo zilizochubuka, kitako na kifuniko vilikuwa na nyuzinyuzi za aina moja, na gundi ilikuwa ile ya zamani iliyotengenezwa kwa ngozi za wanyama, iliyopasuka kama matope makavu. Hapo nilipata matumaini, lakini niliendelea kukagua, maana mwongo stadi hutumia kadibodi kuukuu.

Kisha nikaangalia pini ya nishani. Imepinda kidogo kuelekea juu. Ndani ya kifuniko palikuwa na kishimo chembamba. Nililaza nishani mahali pake, nikafunika taratibu, na ncha ya pini ikaingia kwenye kishimo kile barabara. Nilimwita mthamini atazame kwa lenzi yangu. Alitazama kwa muda mrefu, akakubali kwamba vipande hivi viliwahi kukaa pamoja miaka mingi. Akauliza, na ni swali la haki, kwa nini basi kimoja kinaonekana kipya na kingine kizee.

Niligeuza kifuniko. Pande zake zilikuwa zimepauka kwa jua, ila sehemu ya juu, yenye maandishi, haikupauka. Kwa hiyo kilikaa juani kikiwa kichwa chini. Na ndani, karatasi nyeupe ilikuwa imegeuka manjano, isipokuwa viduara vingi vidogo vilivyobaki vyeupe. Nilimwonyesha dada, nikamuuliza kama anajua kitu gani kingeacha alama zile.

Alivigusa kimoja kimoja kwa kidole. Kisha akasema, "Kisahani cha vifungo."

Mpelelezi alimwomba afafanue. Akasema mama yao alikuwa fundi cherehani, na dirishani aliweka kisahani kilichojaa vifungo. Tangu utotoni alikiona, wala hakuwahi kukigeuza aone maandishi ya upande wa chini, ajue kuwa ni kifuniko cha kasha.

"Mdogo wangu aliniambia," akasema. "Aliniambia nami nikamwita mwizi."

Mthamini alivua miwani, akasema kasha ni halisi, yuko radhi kutia saini. Mimi nilihisi nimetua gunia la mawe.

Mdogo mtu alipoletwa, viatu vilikuwa vikimpwaya kwa kuwa kamba zilichukuliwa. Kamba hizo zilirudishwa pale kaunta. Dada alizipokea yeye, akapiga magoti pale sakafuni, akaanza kuzipitisha tunduni. Mdogo wake alimwambia aache, atafunga mwenyewe. Hakuacha. Kijana alimtazama utosini kwa muda, halafu akasogeza mguu wa pili.

"Haya, dada. Na hiki."

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo. Nimesomewa, na sina la kuongeza wala kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimeandika maelezo haya mimi mwenyewe na kumsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi. Ameomba wahusika wasiandikwe "mlalamikaji" na "mtuhumiwa", bali dada na mdogo wake. Nimeandika hivyo. Jalada limefungwa.