Programu Yangu Haikuweza Kuhama, na Mama Bado Anauliza

Mpendwa Bi. Rahmo,

Assalamu alaikum. Nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri gazetini, nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, ingawa najua utanihukumu.

Mimi ni mtengeneza programu wa shirika moja la misaada kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab, nyumbani kwangu ni Iftin, Garissa, na mwaka 1993 nilipewa kazi ya kuandika programu ya kutafuta watu waliopotezana vitani, yaani mama akileta jina la mwanawe, kompyuta inalinganisha jina na mwaka wa kuzaliwa katika orodha za kambi zote, nami nikaiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, na kwa kiburi changu nikaifunga kwenye ile mashine moja tuliyokuwa nayo, maandishi nikayarusha moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kioo ili yatokee upesi, na rekodi nikazihifadhi vile vile zilivyokaa tumboni mwa mashine, si kwa maandishi ya kawaida ambayo mashine yoyote ingeyasoma.

Mwenzangu Gumato, dada wa Kiborana, alinionya.

"Ahmednoor, andika C sanifu, ile inayokubalika kila mahali. Mashine hii haitakaa milele."

Nikamcheka mbele ya watu. "Wewe unaandikia mashine ambayo haipo. Mimi naandikia hii iliyo mbele yangu."

Mwanzoni mwa mwaka jana tukaletewa mashine ya aina nyingine, programu ikakataa kabisa, nikaibandika viraka siku nne mpaka ikaamka, majina yakatokea sawasawa nikashangilia, kumbe mashine mpya huzipanga namba kinyume na ile ya zamani, kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa wa kila aliyeandikwa zamani uligeuka namba ya ajabu, na ubaya ni kwamba programu haikulalamika, ilijibu tu: hakuna.

Watu walipoanza kunung'unika kwamba hakuna anayepatikana, mkubwa wetu aliuliza kosa ni la nani, nikasema Gumato alinakili mafaili vibaya. Gumato alinitazama akasema, "Mwambie ukweli, Ahmednoor." Nikainamia kibodi. Akaachishwa kazi, akarudi kwao Griftu.

Sasa kuna mama mmoja, Timiro, aliyefika baada ya mashine mpya, na kwa miezi saba amekuja dirishani kwangu kumuulizia binti yake Maka wa miaka kumi na mmoja. "Mwanangu, ameonekana?" Nami: "Bado, eeddo," yaani shangazi kwa Kisomali. Mwezi huu nilitoa mashine ya zamani stoo nikaiwasha, na Maka akatokea pale pale, alikuwa kambi ya jirani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nikaenda. Majirani wakaniambia familia iliyomlea imeondoka naye kwa lori wiki tatu zilizopita, kurudi kijijini kwao ng'ambo ya Mandera, wakanipa jina la kijiji na la mwenye familia. Karatasi hiyo iko mfukoni mwangu siku ya kumi na moja. Timiro amekuja mara mbili tangu hapo, nami nimesema bado, naye ameniombea dua. Nikisema nitafukuzwa, na mke wangu Saado ni mjamzito. Je, nikiitengeneza programu kimya kimya niendelee na kazi, Mungu hatanisamehe?

Ahmednoor, Iftin

*

Ahmednoor,

Wa alaikumu salaam. Nimekusoma mpaka mwisho, tena mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi.

Mimi C siijui. Nilimuuliza Korane, shemeji yangu anayefundisha kompyuta Nairobi. Alisema kuigusa mashine moja kwa moja si kosa, kuna kazi zinazotaka hivyo. Lakini fundi mwenye akili huiweka sehemu hiyo peke yake kwenye faili moja, ili mashine ikibadilika abadilishe hapo tu, na rekodi za watu huziandika kwa namna inayosomeka popote. Ndicho alichokuambia Gumato. Kutojua ningekusamehe. Wewe uliambiwa.

Lakini mashine haikumsingizia mtu, Ahmednoor. Mashine haikusema "bado, eeddo." Hayo ni ya ulimi wako.

Nakuonea huruma kwa Saado, najua hofu ya nyumba inayongoja mtoto. Basi ifikirie hofu ya aliyekwisha kuzaa. Siku kumi na moja una jina la kijiji mfukoni, na malori ya kwenda Mandera yanapita. Familia ile ikihama kufuata malisho, karatasi yako haitafaa hata kuwashia jiko. Na unaniuliza kuhusu kazi!

Fanya hivi. Ukimaliza kusoma gazeti hili, nenda kambini kwa Timiro, usimngoje dirishani. Ukitoka hapo, mwandikie mkubwa wako ukweli wote, taja jina la Gumato, na nakala uipeleke Griftu kwa mkono wako. Mwambie mkubwa rekodi zote za zamani zisomwe upya, kwa sababu Maka si mmoja. Kazi ya kuiandika programu upya apewe Gumato, kama bado anaitaka. Wakikufukuza, wamekufukuza.

Msamaha mwombe Mungu, mimi sina wa kukupa. Na ukifika kwa mama yule usianze kulia wala kumweleza habari za kompyuta. Mpe jina la kijiji, jina la mwenye familia, na siku lori lilipoondoka. Kisha nyamaza, akutukane mpaka achoke.

Rahmo